Mistari, nukta au pau: grafu ipi ikuonyeshe uhusiano wa uchumi na maoni ya watu?

Mwenye takwimu za mfumuko wa bei mkono mmoja na matokeo ya utafiti wa maoni mkono wa pili huwa na swali moja: je, maisha yakipanda bei, watu hubadili wanavyoiona nchi yao? Ekseli itamchorea grafu ya aina yoyote kwa kubonyeza mara moja, na zote zitapendeza. Lakini kila moja inajibu swali lake. Iko inayoonyesha lini, iko inayoonyesha kwa kiasi gani, iko inayoonyesha ni nani. Ukichagua isiyofaa, takwimu sahihi kabisa zitakupa jibu la uongo, nawe utalitetea kwa nguvu kwa kuwa umeliona kwa macho yako.

Nitazilinganisha kwa data halisi. Naanza na Marekani, kwa sababu Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa kikiwauliza Wamarekani kila mwezi, kwa miongo mingi, wanauonaje uchumi na hali ya mifuko yao. Majibu hugeuzwa kuwa fahirisi moja, na kiwango cha mwaka 1966 ndicho kinachohesabiwa kuwa 100. Kwetu Afrika Mashariki tafiti za maoni zinazoaminika hufanyika kwa kupishana miaka, na hilo pekee linabadilisha grafu inayofaa. Nitalifikia.

Hii ni miezi sita ambayo inatosha kufundishia mengi:

| Mwezi | Mfumuko wa bei (%) | Ukosefu wa ajira (%) | Fahirisi ya Michigan |
|---|---|---|---|
| Mei 1980 | 14.4 | 7.5 | 51.7 |
| Januari 2000 | 2.7 | 4.0 | 112.0 |
| Novemba 2008 | 1.1 | 6.8 | 55.3 |
| Agosti 2011 | 3.8 | 9.0 | 55.8 |
| Aprili 2020 | 0.3 | 14.8 | 71.8 |
| Juni 2022 | 9.1 | 3.6 | 50.0 |

Mihimili miwili, au grafu mbili?

Grafu inayopendwa sana magazetini ni ya mistari miwili yenye mihimili miwili ya wima: kushoto asilimia za mfumuko, kulia alama za fahirisi. Inavutia kwa sababu inasimulia. Januari 2021 mfumuko ulikuwa asilimia 1.4 na fahirisi 79.0. Kufikia Juni 2022 mfumuko ulikuwa 9.1 na fahirisi 50.0. Mstari mmoja unapanda, mwingine unashuka, inakatana mahali fulani katikati, na msomaji anaondoka akiamini kwamba pale ilipokatana ndipo mambo yalipoharibika.

Makutano hayo hayamo kwenye data. Yamewekwa na aliyeamua mhimili uanzie wapi na uishie wapi. Mhimili wa kulia ukianzia 40, mistari inakatana katikati ya mwaka 2021. Uanzishe kwenye 0, makutano yanasogea hadi karibu na mwisho wa mwaka huohuo. Ukiugeuza juu chini, mistari itaongozana kama pacha. Hakuna namba hata moja iliyoguswa. Kwa mtu anayetafuta uhusiano, na si anayetafuta picha ya kuunga mkono anachokiamini tayari, grafu hii ni ya kuachwa.

Mbadala wake ni rahisi: chora grafu mbili, moja juu na nyingine chini yake, zikitumia mhimili uleule wa miaka. Kila moja ina kipimo chake, na jicho linashuka wima kutoka mwezi wa juu hadi mwezi uleule wa chini. Hakuna kinachokatana na kingine. Unachopata hapa ni mfuatano: nini kilitangulia, nini kilifuata, na kwa kuchelewa kiasi gani. Usichopata ni nguvu ya uhusiano. Na kuna mtego mmoja ambao grafu zote za muda zinao: vitu viwili vinavyopanda mwaka hadi mwaka vitaonekana marafiki hata kama havijuani. Idadi ya laini za simu na deni la taifa vyote vimepanda, na hakuna aliyekopa kwa sababu ya laini ya simu.

Mhimili mmoja kwa mistari miwili nauruhusu pale tu vipimo vinapofanana, kwa mfano mfumuko wa bei za vyakula na mfumuko wa jumla, vyote kwa asilimia. Kwingine kote, grafu mbili.

Nukta huona ambacho mistari haioni

Sasa ondoa muda kabisa. Kila mwezi uwe nukta moja: mfumuko wa bei kwenye mhimili wa ulalo, fahirisi ya maoni kwenye mhimili wa wima. Hii ndiyo grafu ya mtawanyiko, na kwa swali la uhusiano naipa nafasi ya kwanza.

Ichukue ile miezi sita. Mei 1980 na Juni 2022 zinakaa mbali kulia, chini. Kulia juu hakuna kitu: hakuna mwezi hapo wenye mfumuko mkali na watu wenye matumaini. Sasa hamia kushoto, kwenye mfumuko mdogo. Ungetarajia nukta zote ziwe juu. Haziko hivyo. Januari 2000 iko kileleni kwa 112.0, kiwango cha juu kabisa katika historia ya fahirisi hiyo. Aprili 2020, mwezi wa kufungwa kwa shughuli kwa ajili ya Korona, iko katikati. Novemba 2008, yenye mfumuko wa asilimia 1.1 tu, iko chini karibu sawa na 1980, kwa sababu ni miezi miwili tu tangu benki ya Lehman Brothers ianguke, na watu walikuwa wakiona thamani ya nyumba na akiba zao za uzeeni ikiporomoka.

Umbo linalotokea si mstari. Ni pembetatu. Linasema jambo ambalo ni vigumu kuliona kwa njia nyingine: bei zikipanda kwa kasi watu hukasirika, lakini bei zikitulia hiyo si dhamana kwamba wataridhika, maana yapo mengine yanayoweza kuwaumiza. Nukta sita zilizochaguliwa kwa kuwa ni za kupindukia hazithibitishi kitu. Ni dokezo la kwenda kulichunguza kwa miezi yote. Ila tazama tofauti ya dokezo hili na kile ambacho kipimo cha uwiano kingekupa. Kipimo hicho ni namba moja, na kinauliza swali moja tu: je, nukta zimekaa karibu na mstari ulionyooka? Kwa pembetatu kitajibu kwamba uhusiano ni hafifu, nawe utaifunga kazi ukidhani hakuna cha kuona. Kwa hiyo nasisitiza: usiongeze ule mstari wa mwelekeo ambao programu inakupa bure kabla hujazitazama nukta zenyewe kwa utulivu.

Badilisha sasa mhimili wa ulalo, uweke ukosefu wa ajira. Aprili 2020 inaruka hadi mwisho wa kulia, asilimia 14.8, na bado watu wana alama 71.8. Juni 2022 inarudi kushoto kabisa, asilimia 3.6, kiwango ambacho serikali nyingi zingeota kuwa nacho, na maoni yapo chini kuliko yote yaliyokuwa yamewahi kupimwa hadi siku hiyo. Ukosefu wa ajira humpiga aliyefukuzwa na familia yake. Bei humpiga kila anayekwenda dukani. Sisemi nukta zimethibitisha hilo. Nasema zimekuelekeza pa kuuliza.

Mwanauchumi Arthur Okun aliwahi kujumlisha viwili hivyo, mfumuko na ukosefu wa ajira, apate namba moja ya taabu ya wananchi. Ijaribu hapa. Agosti 2011 inapata 12.8 na Juni 2022 inapata 12.7, na maoni yake hayako mbali. Vizuri. Lakini Januari 2000 ni 6.7 na Novemba 2008 ni 7.9, karibu sawa, na fahirisi ya mmoja ni mara mbili ya mwingine. Kwenye mtawanyiko unaziona nukta hizo mbili papo hapo, moja juu ya nyingine, na pengo kubwa katikati yake. Kwenye jedwali ungelazimika kulitafuta.

Udhaifu wa nukta ni wa kweli. Muda umepotea, na wasomaji wengi hawajazoea kuisoma. Dawa ya la pili ni kuandika majina pembeni ya nukta tatu au nne muhimu, si zote. Dawa ya la kwanza ni ndugu yake anayefuata.

Nukta zilizounganishwa kwa mfuatano wa muda

Chora mtawanyiko uleule, kisha vuta mstari kutoka nukta ya kwanza kwenda ya pili, ya tatu, na kuendelea, kama njia ya msafiri. Januari 2021: mfumuko 1.4, maoni 79.0. Mei 2021: 5.0 na 82.9. Juni 2022: 9.1 na 50.0. Desemba 2023: 3.4 na 69.7.

Njia ya kurudi haikupita ilikopita njia ya kwenda. Mei 2021, bei zikipanda kwa asilimia 5.0, watu walikuwa na alama 82.9. Desemba 2023 kasi imeshuka chini ya hapo, lakini watu wako 69.7 tu. Njia imefanya kitanzi. Na kitanzi hicho ndicho kinachokufungua macho kwamba huenda umeweka kipimo kisicho sahihi kwenye mhimili. Mfumuko ni kasi. Kasi ikipungua, bei hazirudi zilikokuwa. Kati ya Januari 2021 na Desemba 2023 bei za walaji Marekani zilikuwa zimepanda kwa karibu asilimia 17, na mnunuzi anakumbuka alikuwa akilipa kiasi gani. Hatua inayofuata ya mchunguzi ni kuondoa mfumuko na kuweka kiwango chenyewe cha bei, au mshahara ukilinganishwa na bei, kisha kuchora upya.

Hakuna grafu nyingine katika ulinganisho huu inayokutolea kitanzi. Lakini itumie kwa nukta chache, labda za kila robo mwaka. Miaka 40 ya kila mwezi itakupa uzi uliovurugika ambao hata wewe mwenyewe hutaufumbua.

Data yetu ina mapengo, na grafu lazima iyaheshimu

Tuje Kenya. Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, hutoa mfumuko wa bei kila mwezi. Afrobarometer, ambao ndio utafiti wa maoni wenye mfululizo mrefu unaolinganishika, ulihoji Wakenya mwaka 2003, 2005, 2008, 2011, 2014, 2016, 2019 na 2021, kisha tena 2024. Upande mmoja una mamia ya namba, upande wa pili una tisa.

Sasa angalia bahati inavyofanya kazi. Wahoji wa mwaka 2011 walikuwa mashinani Novemba, mwezi ambao mfumuko ulifika asilimia 19.7. Kilele kile kilinaswa. Lakini mfumuko ulipopanda tena na kufika asilimia 9.6 Oktoba 2022, hapakuwa na mhoji. Utafiti ulikuwa umefanyika mwishoni mwa 2021 na uliofuata ulikuja 2024. Ukiunganisha nukta hizo mbili kwa mstari, mstari wako utapita juu ya Oktoba 2022 ukiwa umenyooka, kana kwamba kuna mtu aliuliza na Wakenya wakajibu. Hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo kwa data ya namna hii chagua hivi: mfumuko uwe mstari, maoni yawe nukta zisizounganishwa kwenye grafu ya chini yake, na kila nukta iwe na kijiti cha wima kinachoonyesha kiwango cha makosa, yaani jibu la waliohojiwa linaweza kuwa mbali kiasi gani na la wananchi wote. Kwa wahojiwa 2,400, idadi ambayo Afrobarometer huitumia Kenya na Tanzania, kijiti hicho ni takriban alama mbili juu na mbili chini. Waliosema nchi inaelekea kubaya wakihama kutoka asilimia 61 hadi 63, vijiti vinaingiliana, na kichwa cha habari cha “hasira yaongezeka” kinakosa msingi. Mtawanyiko wa nukta tisa unaweza kuuchora kwa macho yako mwenyewe. Kuuchapisha ukiwa na mstari wa mwelekeo ni kumlaghai msomaji.

Tanzania kuna pia utafiti wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza, ulioanza 2013, ambao huwapigia simu watu walewale mara kwa mara. Unasaidia sana kuziba mapengo. Ila aliyehojiwa na Afrobarometer uso kwa uso nyumbani kwake na aliyepigiwa simu hawako katika hali moja, na sampuli zao zimepatikana kwa njia tofauti. Usiziweke tafiti hizo mbili kwenye mstari mmoja. Rangi mbili, alama mbili.

Majibu ya maneno yanataka pau

Afrobarometer huuliza hali ya uchumi wa nchi kwa ngazi tano, kutoka mbaya sana hadi nzuri sana. Huuliza pia ni mara ngapi mtu au familia yake wamekosa chakula, maji safi, dawa, nishati ya kupikia au fedha taslimu katika mwaka uliopita, nayo ni ngazi tano kutoka kamwe hadi siku zote. Hapa kuna uhusiano wa thamani kubwa kuuchunguza: je, aliyelala njaa anauona uchumi wa nchi sawa na aliyeshiba? Na hapa ndipo mtawanyiko unaposhindwa kabisa. Ngazi tano kwa ngazi tano ni nafasi 25. Watu 2,400 watarundikana kwenye nafasi hizo, na utaona vidoto 25 visivyosema kitu.

Tumia pau zilizojaa hadi asilimia 100. Pau moja kwa kila kundi: wasiowahi kukosa chakula, waliokosa mara moja au mbili, na kuendelea hadi wanaokosa siku zote. Ndani ya kila pau, majibu matano kuhusu uchumi. Panga “mbaya” zote zianze upande mmoja na “nzuri” zote upande wa pili, na “si nzuri si mbaya” uitenge isilalie kokote. Waliosema “sijui” waonekane. Mara nyingi ni wengi zaidi miongoni mwa maskini, na kuwafuta ni kuwanyamazisha mara ya pili. Duara tano zenye vipande, moja kwa kila kundi, zitachosha macho bila faida: ni vigumu kulinganisha pembe za duara mbili tofauti.

Na usikimbilie wastani. Ngazi zikipewa namba 1 hadi 5, nchi ambayo nusu wanasema mbaya sana na nusu nzuri sana itapata 3. Nchi ambayo kila mtu anasema si nzuri si mbaya nayo itapata 3. Hizi ni nchi mbili tofauti kabisa.

Michigan wenyewe wanalijua hili. Wakitenganisha majibu kwa chama, Warepublican na Wademokrati hubadilishana nafasi kila rais anapotoka chama cha pili. Ilitokea baada ya uchaguzi wa 2016, wa 2020 na wa 2024. Uchumi wa Novemba na wa Februari iliyofuata haukutofautiana kiasi hicho. Kilichobadilika ni nani yuko Ikulu. Mstari mmoja wa wastani ungekuficha hayo yote. Ndiyo maana, kabla ya kuhusisha maoni na bei, chora kwanza grafu ndogondogo za kila kundi, zote zikiwa na mhimili mmoja, upande kwa upande.

Nchi kwa nchi: mhimili wa kawaida au wa logi?

Ripoti ya Furaha Duniani hutumia swali la ngazi ya 0 hadi 10 ambalo shirika la utafiti wa maoni la Gallup huwauliza watu kuhusu maisha yao. Ukiweka majibu hayo dhidi ya pato la taifa kwa kila mtu, mtawanyiko ndio chaguo, wala hakuna mjadala. Mjadala uko kwenye mhimili.

Mhimili wa kawaida unaoishia dola 150,000, ili Luxembourg ienee, ukiuchora kwenye upana wa sentimita 20, Tanzania yenye takriban dola 1,200 na Kenya yenye takriban 2,000 zitatenganishwa na milimita moja. Burundi, Kongo, Uganda, sote tumebanwa ukutani. Mhimili wa logi, ambao kila kuongezeka maradufu kunachukua hatua ileile, unazitenganisha Kenya na Tanzania kwa sentimita moja na nusu hivi. Mkunjo mkali wa mwanzo unakuwa karibu mstari ulionyooka. Kwa msomaji wa Afrika nachagua logi kila mara, nikiandika dola kamili kwenye mhimili ili asiyejua hesabu hiyo asipotee.

Na hapo ndipo zinapojitokeza zinazokataa kufuata mstari. Katika ripoti ya 2025 Costa Rica ilikuwa ya 6 na Marekani ya 24, ingawa pato la Marekani kwa kila mtu ni kubwa mara kadhaa. Nukta zilizo mbali na wenzake ndizo za kwenda kuzisomea. Jambo moja tu ulishike: nukta hapa ni nchi, si mtu. Nchi tajiri kuwa na alama nyingi hakukuambii kwamba jirani yako akipata fedha ataridhika.

Ramani ya rangi

Nitaipitia haraka kwa kuwa naikataa kwa kazi hii. Wahojiwa 2,400 wakigawanywa kwa kaunti 47 za Kenya ni kama watu 51 kila kaunti, na kiwango cha makosa kinakuwa alama 14 au zaidi kila upande. Rangi haionyeshi hilo. Tena Turkana, yenye watu chini ya milioni moja katika sensa ya 2019, itajaza ramani karibu mara mia ya Nairobi yenye watu milioni 4.4. Ukitaka maeneo, yaunganishe kuwa kanda chache zenye wahojiwa wa kutosha, uzipange kwenye orodha kutoka ya juu hadi ya chini, kila moja na nukta yake na kijiti chake cha makosa.